Mama Bertille Anatosha

Ziwa lilipopanda mwaka ule, halikuuliza nani ni tajiri na nani ni masikini. Lilikula barabara, likakula nyumba za wakubwa zenye madirisha ya vioo, likafika na kwenye kanisa dogo la matofali mabichi ambalo Mama Bertille alikuwa anafagia kila Jumamosi. Wanaume walisimama pembeni, mikono kiunoni, wanatazama na kusema ni mapenzi ya Mungu. Mama Bertille alikaza kitenge chake, akaingia ndani ya maji mpaka kifuani, akaanza kutosha mabenchi. Alitosha moja, akaliweka pakavu, akarudi. Akatosha lingine. Wanaume waliposhikwa na haya na kuingia nao, mabenchi yaliyobaki hayakuwa mengi tena, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kuinama kama mulevi anayetafuta pa kulala.

Njo siku hiyo watu walimujua. Kabla ya pale alikuwa mukimbizi tu kati ya wakimbizi, mwanamuke aliyetoka upande wa Nyunzu na mutoto mugongoni na sufuria kichwani. Bwana yake, Didier, alikuwa amekwenda Manono kuchimba mawe, na hakurudi hata kwa salamu. Ukifika Kalemie, muji huu wa ziwani, bila ndugu, jina lako njo nyumba yako. Mama Bertille alilijenga la kwake polepole: kwa kufagia, kwa kukaa kwenye matanga ya watu asiowajua, kwa kuazima chumvi na kuirudisha.

Kisha wakaja Pasta Han na familia yake.

Walivuka ziwa kutoka Kigoma, yeye, bibi yake, na mutoto wao Yuna, na masanduku yaliyofungwa kamba za buluu. Kwao ni Korea, lakini walikuwa wamekaa miaka mingi Tanzania, Dodoma, wanajifunza Kiswahili na kusaidia makanisa. Siku ya kwanza walipopanda kilima, watoto wa mutaa waliwafuata kama vifaranga.

"Shinwa! Shinwa!"

"Mimi si Mchina," Pasta aliwageukia, anacheka. "Mimi ni Mkorea."

Watoto walishauriana kidogo.

"Shinwa Korea! Shinwa Korea!"

Akakubali. Utafanya nini na watoto?

Walikuja kujenga kanisa jipya, juu kilimani, mahali ziwa haliwezi kufika hata likiota miguu. Mama Yuna, njo vile watu walimuita bibi ya Pasta, hakukaa nyumbani kama madamu. Alivaa kofia kubwa ya majani, akabeba matofali pamoja na wamama wengine mpaka mikono yake ikatoka malengelenge. Alijaribu kutwanga sombe, majani ya muhogo, mutwangio ukamuponyoka ukaangukia kuku wa jirani. Wamama walicheka mpaka machozi, naye akacheka kuliko wote.

Halafu mama yake alikufa kule kwao. Habari ilimufikia kwa simu, saa ya muchana, reseau inakatika-katika. Safari ilikuwa ndefu mno, mazishi yasingewangojea. Mama Yuna alijifungia jikoni akalia peke yake, taratibu, kama muntu anayeogopa kusumbua wengine. Mama Bertille alikuwa inje anaosha sahani za wajenzi. Alisikia. Hakubisha hodi, hakuuliza neno. Alikwenda kwake, akarudi na mukeka, akautandika katikati ya kiwanja cha Pasta, akakaa, miguu imenyooshwa. Mupita njia akauliza nani amekufa. "Mama yetu," akajibu. Kufika jioni mukeka ulikuwa umejaa wamama, wanaimba, na Mama Yuna ameweka kichwa chake juu ya magoti ya Mama Bertille, hana haja tena ya kulia taratibu.

Baada ya hapo, Pasta alipotafuta muntu wa kumupa funguo ya depo, hakutafuta mbali.

Depo hiyo ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya kanisa linalojengwa. Ndani mulikuwa na simenti iliyotoka Kabimba kwa boti, mbao, misumari, na mabati ya paa. Katika muji ambamo nusu ya watu hawana paa nzima, kukaa na funguo ya vitu kama hivyo si kazi ndogo. Mama Bertille alifungia funguo kwenye pindo la kitenge. Akienda sokoni, inaenda naye. Akilala, iko chini ya shavu.

Sasa, kanisani palikuwa na shemasi, Papa Omer, mutengenezaji wa baisikeli. Vita vilimukimbiza zamani, akaishi miaka mingi kambini ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma. Kwa hiyo alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeiweza: Jumapili alisimama kando ya Pasta na kukigeuza Kiswahili chake. Maana Kiswahili cha Pasta kilikuwa cha Tanzania, kimenyooka kama shati limepigwa pasi, na kanisa lilijaa watu wa bara, wa Nyunzu, wa Kabalo, wa Manono, wanaosema cha kwao. Pasta akisema "jaribuni," Papa Omer anasema "mupime." Pasta akisema "kuna watu," Papa Omer anasema "kuko bantu." Watu walizoea. Pasta alikuwa mudomo wa kwanza, Papa Omer mudomo wa pili, na neno halikuwa neno mpaka limepita katika yote miwili.

Papa Omer alikuwa na mutoto wa ndugu yake, Jovial, kijana mukubwa anayeshinda kibarazani bila kazi. Mara nyingi alimuambia Pasta, "Depo ni kubwa kwa mwanamuke peke yake. Tumuweke Jovial pale." Wazee wengine wakatikisa kichwa, ndiyo, tumuweke. Pasta alisikiliza tu, akasema atajibu.

Alijibu Jumapili, mbele ya wote. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, na juu yake wamefunga bashe la kuzuia jua. Baada ya matangazo ya kwaya, Pasta alisimama, akamutafuta Mama Bertille kwa macho, akamupata kwenye benchi la tatu, pamoja na binti yake Chancelle.

"Ndugu zangu," akasema, "wengi wameniuliza habari za depo. Leo nasema wazi. Mama Bertille anatosha."

Watu wakageukia benchi la tatu.

"Tangu mwanzo, anatosha. Hata tukileta simenti mara mbili, mimi najua, Mama Bertille anatosha tu."

Halafu akaweka mikono mapajani, akainama mbele yake, kichwa chini, kama watu wa kwao wanavyofanya.

Kwa watu wa bara, kutosha ni kuondoa kitu mahali kilipo. Unatosha sufuria motoni. Unatosha viatu mulangoni. Na muntu mwenye funguo ya depo, ukisema mbele ya kanisa kwamba anatosha, tangu mwanzo anatosha, na simenti ikiongezeka atatosha tu, umekwisha kusema ni mwizi. Umebakiza tu kumutemea mate.

Macho yote yakaenda kwa Papa Omer. Yeye alifungua mudomo. Akakohoa. Akatazama bashe, kama kuna kitu kimeandikwa pale.

"Amina," akasema.

Pasta aliinuka, anacheka kwa furaha, akaanza kupiga makofi. Watu wachache walimufuata, makofi mawili matatu yasiyo na nguvu, kama mvua inayoanza na kughairi.

"Ona vile anacheka," mama mumoja akanong'ona nyuma.

"Bale bantu njo vile. Hasira yabo iko ndani ya kicheko."

"Na ile kuinama?"

"Si anamuaga!"

Mama Bertille alisikia kila neno. Alijiuliza ni mufuko gani, musumari gani, nani amemupelekea Pasta maneno. Hakupata. Na asipopata kosa, atajitetea kwa neno gani? Alimushika Chancelle mukono, wakatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Angeweza kumuuliza Pasta mwenyewe. Lakini muchana ule ule familia nzima ilipanda boti kwenda Moba, ambako kanisa lingine dogo lilikuwa linaanza, na wangekaa huko siku nyingi. Kwa hiyo alikwenda kwa Papa Omer. Alifungua pindo la kitenge, akatosha funguo, akaiweka juu ya meza yake kati ya spoki na minyororo.

"Papa, chukua."

"Mama, lakini... si lazima leo. Ngoja Pasta arudi."

"Muntu akisha kuitwa mwizi, anangoja nini?"

Papa Omer alipangusa grisi mikononi. Akaichukua. Kesho yake Jovial alikuwa amekaa mulangoni pa depo, amevaa kofia, anafukuza mbuzi kwa madaraka yote.

Jina jipya lilizaliwa kwenye robine, mahali wamama wanapopanga ndoo. Mama Bertille alifika na ya kwake, na sauti ikatoka nyuma:

"Mama Tosha, uhurumie! Usitutoshee maji yote!"

Kicheko kikapita kwenye mustari kama moto wa nyasi. Kesho yake watoto walikuwa wamekwisha kulifanyia wimbo, Mama Tosha, tosha sukari, tosha chumvi. Chancelle alirudi na kola ya shati imepasuka na damu kidogo puani.

"Nani alikupiga?"

"Njo mimi nilibapiga," Chancelle akasema. "Babo balikuwa batatu tu."

Mama Bertille alimupangusa, hakumugombeza. Usichana wake wote, utu uzima wake wote, kukimbia kwake, kufagia kwake, kuingia kwake ndani ya maji, vyote vilikuwa vimekunjwa vikatiwa ndani ya neno moja la kuchekesha. Nguo akipoteza, atapata nyingine. Nyumba aliipoteza, akapata nyingine. Jina, analipata wapi? Alianza kufikiri kuhamia Kabalo, au popote ambako hakuna anayejua.

Jirani yake ukuta kwa ukuta alikuwa Zuhura, mwanamuke wa Kiislamu, wa zile familia za zamani za ziwani. Zuhura alikuwa anakwenda Kigoma na kurudi, analeta sabuni na vitenge vya kuuza sokoni. Alikuwa amerudi tu kutoka safari, bado ana vumbi la bandari miguuni, akachungulia jikoni kwa mwenzake aliyekuwa anasonga ugali.

"Weye Bertille! Bukari gani hii? Mbichi huku, imeungua huku. Unapikia adui?"

Mama Bertille alimueleza yote. Zuhura alisikiliza amekunja uso, halafu akauliza:

"Sema tena. Neno kwa neno. Alisema 'Mama Bertille anatosha'?"

"Anatosha. Tangu mwanzo anatosha."

"Na kisha akakuinamia, akapiga makofi?"

"Njo vile."

Zuhura alishika kifua. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakalia mufuko wa sabuni.

"Na weye unanicheka!"

"Sikucheki, mama yangu. Ninajicheka mwenyewe. Sikia. Safari yangu ya kwanza Kigoma, ninapakia mizigo kwenye boti, nahodha anapunga mukono: 'Mama, inatosha! Inatosha!' Mimi nikafikiri ananifukuza. Nikaanza kushusha. Ninashusha, yeye anapiga kelele 'inatosha', mimi ninashusha mbio zaidi! Bantu wote wa bandari wamekufa kwa kicheko. Bertille, kule kutosha si kuondoa. Ni kuenea. Ni kusema imejaa, imefika, hakuna cha kuongeza. Muchungaji wenu alisema weye unaenea. Hataki muntu mwingine. Alikuwa anakusifu!"

Mama Bertille aligeuza bukari, akageuza tena.

"Weye ni rafiki yangu," akasema mwisho. "Rafiki anaweza kudanganya ili mwenzake apate usingizi."

"Basi usiniamini. Muulize mwenyewe."

"Na kanisa nani atabaambia? Nikisema mimi, batasema mwizi amepata wakili. Uje weye?"

"Mimi? Nikiingia na mutandio wangu, bale bantu wenu batafikiri nimeokoka. Batanizamisha kabla sijafungua mudomo!"

Hapo Mama Bertille alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumapili. Lakini kicheko hakikufika mbali. Neno alilopewa lilikuwa zuri mno, na yeye alikuwa amejifunza kuogopa vitu vizuri vinavyokuja kwa urahisi.

Pasta na familia yake waliporudi kutoka Moba, ngozi imeungua na jua la ziwani, walimukuta Jovial mulangoni pa depo. Wakamuuliza Mama Bertille yuko wapi. Jovial akasema ameacha. Hawakupumzika hata kidogo. Walikuja wote watatu mpaka kwake, Pasta mbele, Mama Yuna na mutoto nyuma, wakasimama kiwanjani kama watu waliokuja kuomba radhi bila kujua kosa.

"Mama, kwa nini umetuacha?" Pasta akauliza. "Umechoka? Tumekukosea?"

Mama Bertille aliwatazama wote watatu. Angesema nini? Akiuliza, "Uliniita mwizi?", Pasta atasema hapana, na hapana ya adabu ni rahisi. Alitaka kusikia neno lenyewe likitoka kwa mwenyewe, bila kulisukuma.

"Mukaribie," akasema. "Kwanza tukule."

Walikaa. Alileta bukari na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, na sombe, akawanawisha mikono. Halafu akachukua mwiko, akamukatia Pasta pande la bukari. Akaongeza la pili. Akaongeza la tatu. Sahani ya Pasta ikawa kilima. Yuna akamutazama mama yake. Mama Bertille akachota la nne.

Pasta akafunika sahani kwa mikono miwili, anacheka.

"Inatosha, Mama! Inatosha sana!"

Mwiko ukabaki hewani.

Pasta hakuwa ameondoa kitu sahanini. Hakuwa ametaka kiondolewe. Alikuwa ameifunika kwa mikono, kama muntu anayesema imejaa, imefika.

"Pasta," Mama Bertille akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "ile Jumapili, uliposema mimi ninatosha, ulitaka kusema ninaenea?"

"Unaenea?" Pasta akalitafuna lile neno. "Unaenea... Ndiyo! Wewe peke yako. Simtaki mwingine."

"Huku kwetu, kutosha ni kuondoa."

Akaondoa sahani mbele ya Pasta, akaiweka chini. "Hii njo kutosha. Sasa nimetosha sahani."

Pasta alitazama mahali sahani ilipokuwa. Alielewa polepole, kama maji yanavyoingia ndani ya nyumba, kwanza chini ya mulango, kisha kila mahali. Akasema neno kwa lugha yake. Mama Yuna akaweka mukono mudomoni.

"Nilisema wewe ni mwizi."

"Ulisema, Pasta. Na ukainama."

"Nikapiga makofi!"

"Ukapiga."

Hawakujua kama wacheke au walie, kwa hiyo walifanya yote, na Mama Yuna alikuja akamukumbatia Mama Bertille na mwiko wake mukononi, bukari ikamupaka begani. Pasta njo wa kwanza kuacha kucheka. Alikuwa anatazama upande wake wa kuume, mahali ambapo hapakuwa na muntu.

"Papa Omer alikuwa hapa," akasema, anaonyesha kwa mukono. "Hapa kando yangu. Yeye anajua maneno yote mawili. Kwa nini hakugeuza?"

Mama Bertille alikuwa amekwisha kulifikia swali hilo, na lilimuuma kuliko lile la kwanza.

"Usimuulize, Pasta," akasema. "Nitamuuliza mimi."

Alimukuta Papa Omer amechuchumaa mbele ya beseni ya maji, ametia tyubu ya baisikeli ndani, anatafuta mahali panapotoka mapovu. Alipomuona, akainua macho, akayarudisha majini.

"Papa Omer, kule kambini, mulipogawiwa chakula, kikienea, mulikuwa munasemaje?"

Tyubu ikazunguka mukononi mwake. Povu moja likapanda, akaliacha lipite.

"Tulikuwa tunasema kinatosha," akajibu.

"Basi ulisikia."

"Nilisikia."

Papa Omer akaendelea, maneno yanamutoka kwa shida, kama anayavuta na koleo.

"Nilisema nitageuza. Nikafungua mudomo. Nikamuona Jovial amekaa pale, muntu mukubwa anashinda anahesabu nzi. Nikasema, ngoja kidogo. Kisha ulileta funguo. Nikasema, Pasta akirudi itaisha. Kila asubuhi ninaamka ninasema leo. Mama, ninakuambia ukweli, si mimi niliyesema neno baya."

"Hapana. Weye ulisema amina tu."

Papa Omer alifunga macho.

"Ungeniambia, 'Bertille, mupishe huyu mutoto,' ningemupisha. Kazi ni kazi. Lakini uliacha banitoshee jina langu, na ulikuwa unaona. Jumapili Pasta atasema alikosea. Bantu batasema ananihurumia, kwa sababu nilikaa na bibi yake kwenye matanga. Mudomo wake peke yake hauenei. Babo banangojea wa kwako."

"Wanitoshe ushemasi?"

"Sijui. Hilo ni lako na Mungu wako. Mimi ninataka jina."

Aliondoka bila kungoja jibu, maana jibu la pale, kati yao wawili na beseni, lisingemusaidia chochote.

Jumapili bashe lilipigwa na upepo, na watu walikuwa wengi, kwa sababu habari ya kitu fulani ilikuwa imetembea. Pasta alisimama. Alieleza kwamba neno lake lilikuwa la ng'ambo, kwamba alitaka kumusifu Mama Bertille na akamuumiza, kwamba anaomba radhi. Aliinama tena, chini zaidi ya mara ya kwanza. Kwa ile kuinama watu walitazamana. Kwenye mabenchi ya nyuma muntu akanong'ona, "Huruma hiyo." Mwingine akasema, "Anamupenda sana yule mama, atasema nini?" Mama Bertille aliyasikia, kama alivyosikia yale mengine. Alikaza mikono mapajani. Kando ya Pasta, Papa Omer alikuwa amesimama wima, koti limefungwa mpaka shingoni kwenye joto lile, na jasho linamutiririka kwenye masikio.

"Papa Omer," Pasta akamuambia kwa upole, "nisaidie."

Watu wakangojea ageuze.

"Sitageuza," akasema Papa Omer. "Leo nitasema langu." Akameza mate. "Ile siku, mimi nilisikia vizuri. Kule nilikokaa, kutosha ni kuenea. Pasta alisema: Mama Bertille anaenea, hatutaki mulinzi mwingine. Njo neno alilosema. Nilijua pale pale, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka funguo kwa ajili ya mutoto wangu. Huyu mama hakutosha hata musumari. Mimi njo nilitosha. Nilitosha jina lake, nikakaa nalo nyumbani kwangu."

Hakurudi kusimama kando ya Pasta. Alishuka, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma kabisa, kati ya vijana, na vijana wakasogea kumupa nafasi, hawajui watazame wapi.

Hakuna aliyesema amina. Kitu fulani kikakaa juu ya watu, kizito, kila mumoja anakumbuka kwenye robine alicheka kwa sauti gani. Kisha mama mumoja muzee wa kwaya akatoka kwenye nafasi yake, akapita kati ya mabenchi, akaenda kukaa karibu na Mama Bertille, bega kwa bega, bila neno. Mwingine akaja. Benchi likajaa mpaka Chancelle akasukumwa akaangukia inje, akaanza kucheka, na kicheko chake kikawafungulia wengine.

Inje Jovial alikuwa anangojea, funguo mukononi, anaishika kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza.

"Mama, uchukue, tafazali. Mimi tangu juzi ninaota bananiita Papa Tosha."

Aliichukua, akaifungia kwenye pindo. Alimutazama Papa Omer kwa mbali, anateremuka kilima peke yake, anasukuma baisikeli bila kuipanda. Hakumuita. Kumusamehe alijua atamusamehe, lakini si lazima iwe leo.

Jumatatu boti ilileta mabati, na wajenzi walitaka maji ya kuchanganya simenti. Mama Bertille alikuwa mulangoni pa depo, anapanga mabati kwa ukubwa, aliposikia mutoto mudogo wa jirani, ndoo ya maji kichwani, anapiga kelele kutoka njiani, kwa roho safi, bila ubaya wowote, kwa sababu watoto hawasikilizi matangazo ya kanisani:

"Mama Tosha! Eeh, Mama Tosha!"

Wajenzi walisimamisha masepeto. Mumoja akataka kumufukuza yule mutoto.

"Muache," akasema Mama Bertille. Akainuka, akapangusa mikono kwenye kitenge. "Njo mimi. Kuja hapa, ulete na ile ndoo."